Gurudumu na Kitovu Chake

Kitendawili. Haya, itikia, usiniache nitege na kutegua peke yangu. Wanangu wanne wanazunguka kutwa, na kila mmoja kashikwa kitovu. Ni nini? Ukishindwa sikudai mji. Miji nimeshapewa mingi, sina pa kuiweka. Wewe tulia usikilize, jibu litapita mbele yako likizunguka.

Palikuwa na binti aliyeitwa Dada Kona, kwa jinsi alivyokata kona: taratibu na bila pupa, kama mtu anayepita mlangoni na sinia la vikombe. Marehemu baba yake alimwachia gari la mbio, jekundu, la viti viwili, limelala chini kama paka anayenyemelea. Kitendawili hicho nilichokutega ndicho baba alichomtega kila walipoliosha pamoja. Mtoto alikuwa akijibu hata hakijaisha: "Magurudumu." Baba akicheka. "Umejibu nusu," akimwambia, na nusu ya pili akaondoka nayo.

Mama hakulipenda gari lile. Alimkubalia binti jambo moja tu, aende akashindane Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa zamani.

"Likirudi zima, litakaa," alisema mama. "Likirudi na jeraha, hata la ukucha, Jumatatu naliuza. Baba yako alifia kitandani kwake, na wewe nataka uzeekee kwako."

Sasa, huko kwenye mashindano alikuwemo pia binamu yake, mtoto wa shangazi, jina la utani Bwana Honi, maana mdomo wake haukujua likizo. Siku moja alilizunguka gari jekundu, akainama, akatikisa kichwa.

"Da' Kona, mbona magurudumu yamejificha ndani hivi? Gari limekunja miguu kama mkwe aliyekaribishwa chai ukweni."

Dada Kona akaendelea kufuta kioo. Lakini maneno hayana mfupa na huchoma. Kesho yake akaenda dukani akanunua spesa, zile duara nene za chuma zinazowekwa nyuma ya gurudumu ili lisogee nje, gari lisimame limetanua miguu. Akapima matundu ya nati, akayapima tena, yakalingana. Akazipeleka gereji kwa mjomba wake.

Gereji ya mjomba ilikuwa na ukuta uliochorwa umbo la kila spana, ili spana ikikosekana, kivuli chake kishitaki. Mjomba alizipokea zile spesa, akazigonganisha, zikalia vizuri.

"Unaziweka kwa ajili ya nani?" akauliza.

"Mjomba, leta jeki."

"Jeki naleta. Swali nimeliacha hapo juu ya benchi. Ukipita, ulichukue."

Wakafunga zote nne. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekaza nati, akajifuta mikono kwa madaha. Gari liliposhushwa, kusema kweli lilipendeza. Lilisimama kama mtu aliyeshika kiuno akisubiri kujibiwa. Dada Kona akaketi, akatoka nalo kwenda barabara ya nyuma ya maghala, ambayo haina watu wala mashimo.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Alipoongeza mwendo, usukani ukaanza kutetemeka, kama mkono wa mtu anayetaka kukuambia jambo na anaona haya. Akapunguza, ukatulia. Akaongeza, ukarudi. Mwingine angesema ni barabara. Dada Kona aliijua barabara ile, na mikono yake aliijua zaidi. Akageuza.

Kufika gereji, akapandisha gari kwa jeki mwenyewe, akavua gurudumu la mbele, akavua na spesa, akachuchumaa akitazama. Katikati palikuwa na kile kishingo cha chuma cha mviringo, ambacho mafundi hukiita kitovu. Gurudumu huvaa pale, likabana, likatulia. Lakini spesa ilikuwa nene, imekimeza kitovu chote, na yenyewe haikuwa na kishingo chake. Alipima matundu ya nati mara mbili. Tundu la katikati hakulipima hata mara moja. Gurudumu lilikuwa limening'inia kwenye nati tu, kama koti kwenye msumari.

Akacheka peke yake. Nusu ya pili ya baba ilikuwa hapo, imejaa grisi.

"Mjomba, njoo uone. Mtoto anazunguka, na kitovu hakuna aliyemshika."

Mjomba akachungulia. "Na mimi nilivyokaza kwa mbwembwe," akasema. "Zipo za kuchonga kwa kipimo, zenye kishingo chake. Ila kabla ya Jumapili hazifiki."

"Zikifika nitazijaribu, nione gari linasemaje. Jumapili naenda na miguu aliyoiacha Baba."

Jumapili Bwana Honi alikuwa wa kwanza kumpokea. "Bado limejikunyata?"

"Limekaa kwa adabu. Ngoja liinuke."

Likainuka. Kwenye kona ya mwisho Bwana Honi aliingia kwa fujo, gari lake likatanua, likatanua, mpaka likajikuta majanini limesimama. Dada Kona akapita kwa ndani, na sinia lake la vikombe.

Nyumbani, mama alilizunguka gari huku akilipapasa kwa kiganja, mlango kwa mlango. Akasimama mbele, kwenye taa.

"Na hawa?"

"Hao ni wadudu, Mama. Walinikatiza njia."

Mama akafikiri. "Haya, lioshe. Kisha uliweke kivulini, jua litaharibu rangi."

Hivyo ndivyo gari lilivyobaki. Mjomba akaleta ndoo, wakaanza kuosha, yeye upande huu, binti upande ule.

"Lile swali langu bado liko kwenye benchi," akasema mjomba. "Linashika vumbi."

Dada Kona akakamua kitambaa.

"Nilikuwa naziweka kwa ajili ya mdomo wa Bwana Honi," akasema. "Na ule, Mjomba, hauhitaji spesa. Umeshatanuka wenyewe."