Vistari Chini ya Jina la Saba

Mtaani kwetu wananiita mwongo, na sibishi. Nimeshawaambia kwamba taipu yangu ya ikulu ilikuwa ikipata moto mpaka nachemshia chai juu yake. Nimewaambia Rais aliwahi kupiga chafya, nami kwa mazoea nikaichapa, ikapita bungeni ikawa sheria. Lakini hili la leo sikulitia chumvi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa dereva wa msaidizi mkuu wa Rais. Bosi wake aliuza dawa za hospitali. Yeye aliendesha gari lililozibeba akidhani ni katoni za kalenda. Wakafungwa wote wawili, miaka tisa tisa. Huko ndani kifua kikamkamata mdogo wangu, kisimwachie.

Mwaka wa pili Rais akaamua kuwasamehe watu wake saba, bosi yule akiwa wa kwanza. Mji ukachafuka. Mawakili waliandamana na majoho yao juani. Siku nilipoitwa kuchapa orodha, nilimkuta Rais dirisha wazi, anachokonoa meno.

"Mzee wa taipu, unawasikia hao?"

"Nawasikia, Mheshimiwa."

"Kelele za chura. Ng'ombe atakunywa maji tu. Hawa saba walisimama nami nikiwa si kitu."

"Na dereva, Mheshimiwa?"

"Dereva gani?"

"Wa huyu wa kwanza. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Akanitazama kana kwamba kiti kimesema. "Sasa ulikuwa unangoja nini? Mweke wa nane."

Nilimpigia mama simu kabla hata sijatia karatasi kwenye mashine.

Karatasi ya msamaha ilikuwa na namba, ikitoka moja moja kwenye kasha la masjala. Na chini ya jina la mwisho lazima vipigwe vistari mpaka ukingoni, mjanja asije akachomeka jina lake. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nilipewa na cheti.

Basi nikachapa. Vidole viko ikulu, moyo uko nyumbani, namwona mama anafungua mlango. Jina la sita. Jina la saba. Mkono ukaenda wenyewe, trrrr, vistari mpaka ukingoni. Miaka ishirini na sita nilikuwa nachapa orodha aliyoileta Rais, na orodha ya Rais ilikuwa na watu saba.

Nikamkimbilia karani wa masjala. "Dada yangu, nipe nyingine, nakuomba."

"Kaka, unajua mwenyewe. Haitoki bila saini ya Rais. Naye huyo, anaondoka."

Nilimkuta mlangoni, gari linanguruma. Nikamweleza. Akaisaini ile ile ya watu saba akiwa amesimama, karatasi kaiweka juu ya boneti.

"Usijali, mzee. Wako atatoka awamu ijayo."

Mtu aliyeukaidi mji mzima kwa ajili ya saba hakuweza kungoja dakika kumi kwa ajili ya wa nane.

Saa saba mchana nilikuwa nyumbani. Mama amepakata redio, shati la mdogo wangu limepigwa pasi, limetundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Msomaji akasoma saba, akaingia kwenye mpira.

"Mbona amekatisha?"

"Betri, mama."

"Betri, na mpira nausikia?"

Mimi, wa kuchemshia chai kwenye taipu, nikanyoosha mkono nikaizima redio.

Awamu ijayo haikuja. Mvua zilipoanza, gereza lilituletea mwili. Tulipotoka makaburini bosi wake alinishika mkono, amenenepa. "Alikuwa dereva mzuri sana," akasema. Nikaitikia, "Ahsante."

Jioni nyingine mama huniomba kile kisa cha chafya. Nampigia na chafya yenyewe, naye hucheka mpaka kanga inamdondoka begani. Kisha hufuta macho, hutazama ule msumari mtupu mlangoni, akasema taratibu:

"Betri, eti."