Dakika Moja Kwenye Chanzo cha Maji

Mara ya tatu kompyuta ilipojizima na kuwaka upya katikati ya kazi, Ndelilio aliacha kulaumu betri.

Alikuwa peke yake ndani ya kibanda cha chanzo cha maji, juu ya Mwika, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Kompyuta hiyo, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani, ilipima kina cha maji na kuipelekea kamati ya kijiji ujumbe yakipungua. Ilikuwa imeharibika, naye alikuja kuipakia upya Linux, mfumo unaoiendesha. Miaka tisa kazi hii aliifanya na fundi mwenzake, Melkior. Mwezi wa pili Melkior alipata ajira Dar es Salaam, akaaga kwa ujumbe wa simu.

Akampigia.

"Ndelilio, niko kikaoni. Kuna nini?"

"Inajizima nikiwa napakia mfumo. Nimebadili betri, bado."

"Kila baada ya muda gani?"

Hakuwa amepima.

"Pima. Nitakupigia."

Akapima kwa saa ya mkononi. Sekunde sitini. Akarudia: sitini kamili. Betri mbovu haina adabu ya namna hiyo.

Ndipo akakumbuka kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya kompyuta. Kifaa hicho husubiri ishara kutoka kwenye mfumo; dakika ikipita bila ishara, huona mfumo umekwama, nacho huuwasha upya. Programu ya kupakia haikutoa ishara yoyote. Kazi ilihitaji dakika ishirini, nayo ilikatwa kwenye dakika ya kwanza kila mara.

Angeweza kukizima tu. Lakini huku juu mfumo ukikwama, nani atauwasha? Watu wa bondeni wangekaa siku nzima bila habari. Akaandika mistari minne ya kutuma ishara kila sekunde kumi, akaiacha ikiendelea, kisha akaanza kupakia upya.

Dakika ikapita. Ya pili. Ya tano.

"Haya!" alisema kwa sauti, akageuka.

Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ukungu ulikuwa ukidondoka juu ya bati.

Mfumo ulipokamilika, aliuagiza utume ishara wenyewe muda wote ukiwa umewaka. Halafu, ili kujaribu, akaisimamisha ishara makusudi, akasubiri. Dakika ilipotimia kompyuta ikajizima, ikawaka, ikatuma kipimo cha maji: sentimita arobaini na mbili.

Melkior hakupiga. Ndelilio alimwandikia, "Nimepata. Ni kile kipima muda," akafunga kibanda na kuanza kushuka kwenye utelezi. Alipofika barabarani jibu likaingia. Picha ya dole gumba, basi.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Elisifa, mwenye duka pale njiani.

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi leo?"

"Alihama, mama. Tangu mwezi wa pili."

Elisifa akamtazama viatu vilivyojaa tope, akavuta kigoda.

"Basi keti unywe chai kwanza."

Akaketi.