Mama Lutie Juu ya Popla

Jumapili ya kila mwaka ya kupamba makaburi na kula pamoja, Orville Tackett alikuwa akitandika vitambaa vya plastiki juu ya meza ndefu ya chakula kule makaburini Caney Fork, na kabla hajafika mwisho wa meza, kitambaa cha kwanza kilikuwa kimeshaanza kunata. Matone madogo matamu yalidondoka kutoka mitini. Kwa kweli yalikuwa choo cha vidukari, wadudu wafyonzao majani, lakini hilo halisemwi mbele ya saladi ya viazi. Yaliingia kwenye maharage, kwenye mkate wa mahindi, na kwenye nywele za kina mama waliotoka saluni jana yake. Orville alivaa kofia pana. Miti ile ya popla aliileta yeye.

Aliipanda mwaka alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi, mmoja kwenye kila kaburi lililo ndani ya uzio. Watu walimshauri apande mialoni. Akawajibu kwamba mwaloni ni mti wa wajukuu, na yeye anataka kula kivulini angali na meno. Popla hukua upesi, hunyooka kama nguzo ya umeme, majani yake huwa ya dhahabu baridi inapokaribia, tena miche aliing'oa bure kando ya kijito. Kivuli kikapatikana. Meno ndiyo hayakusubiri.

Mizizi hakuifikiria. Mizizi ya popla ni minene na haipendi kwenda chini. Hutambaa juu juu, na ikikuta kitu hukibeba. Kwa hiyo miti ilipopanda, marehemu walipanda nayo. Mwanzoni walikaa usawa wa uzio, miguu ikining'inia, na jamaa zao waliwapa mkono. Siku hizi walikuwa juu kabisa kwenye maua, na nguo zao za kuzikiwa, na kuzungumza nao kulitaka kupaza sauti.

Marehemu wenyewe hawakuafikiana. Wengine waliyasifu maua, ya manjano yenye mkanda wa rangi ya chungwa, ambayo walio chini hawayaoni mpaka yaanguke. Wengine walilalamikia matawi, kwa kuwa popla ina haraka ya kukua na haina nguvu ya kustahimili. Upepo wa Machi ulimwangusha Mzee Slone juu ya gari la mchungaji, ikabidi azikwe upya. Mjane wake, Geneva, bado alinung'unika kwamba mazishi ya pili yalikuwa na watu wachache na keki moja tu.

Ndipo kamati ikataka miti ikatwe, na marehemu wote wakakubali kushuka, isipokuwa Mama Lutie, mamake Orville. Mti wake ulikuwa na ufa, na Orville alikuwa halali vizuri upepo ukivuma. Jumapili hiyo, watu wakiwa mezani, alisimama chini yake akashika kofia.

"Mama, shuka. Mti una ufa."

"Nauona, mwanangu. Nimeukalia."

"Basi shuka."

"Sogezeni uzio kwanza."

Kila mtu alijua sababu. Nje ya uzio, kwenye nyasi ndefu, chini ya jiwe lisilo na jina, alilala Hobart, kaka yake Orville. Wakati wa mgomo mrefu wa mgodi Hobart aliwapita wagomaji akaenda kazini, na Caney Fork mtu wa namna hiyo hazikwi na wenzake. Kamati ilipopiga kura azikwe nje, Orville alinyoosha mkono mbele ya wote, asije akaambiwa anapendelea ndugu.  Mama, akiwa chini ya ardhi, hakuwa akiliona kaburi lile, lakini sasa akiwa juu analiona kutwa.

"Mama, unajua alichofanya."

"Najua. Najua na mshahara wake ulikokwenda. Lile paja la nguruwe la Krismasi ya mgomo ulilila wewe, mfupa ukaunyonya. Na mimi nilikula."

Sauti kutoka mti wa pili ikasema kwamba hata kwao Hobart aliacha unga mlangoni. Mti wa tatu ukataja mafuta ya kupikia. Geneva akaangalia sahani yake. Orville akasema kwamba yeye ni bingwa wa kuchagua vibaya, iwe miti, iwe uzio. Watu wakacheka kwa shukrani, kwa sababu kicheko kiliwapa pa kutorokea.

Kisha Geneva akakumbusha kwamba ajenda ya kamati siku ile ni miti. Wakajadili kwa bidii isiyo ya kawaida: kivuli, kunata, nyuki, matawi. Wakaamua miti ibaki, na Orville aufunge ule wenye ufa kwa waya. Habari ya uzio wakaiahirisha hadi mwakani.

Aliufunga waya mwenyewe, akaukaza mpaka viganja vikamuuma. Halafu alikata kipande cha paja la nguruwe pale mezani, akakiweka kwenye sahani, akatembea nacho hadi kwenye uzio ili amwekee Hobart. Upepo ulikuwa umetulia, lakini maua ya popla yalikuwa yakianguka upande wa pili, juu ya jiwe la Hobart peke yake.  Mwishowe kipande akakila yeye, maana kilikuwa kimeshadondokewa na yale matone, na kilikuwa kitamu.

Kule juu Mama Lutie akamwambia asisahau mfupa.