Birika la Ramsclough

Kwa miaka tisa Norris Entwistle alikimbia marathoni akiwa amevaa birika la chai, na hapakuwa na mtu Ramsclough aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mjini hapo anayetaka kuwachangisha majirani kwa ajili ya hospisi, nyumba ya kuwauguza wasiotarajiwa kupona, hawezi kubisha hodi tu akawaeleza kwamba wapo watu wanaokufa na kwamba dawa za maumivu ni ghali. Hilo kila mmoja analijua, na halijawahi kumfungua mtu mfuko. Ni lazima kwanza mtu asiyehusika aahidi kujitesa, na ikiwezekana ajitese kwa namna ya kuchekesha. Karani mmoja wa benki aliwahi kushinda ndani ya beseni la maharage ya kopo. Mwalimu wa hisabati alipanda mlima kinyumenyume. Norris, fundi wa lifti na mtu asiyependa mzaha, fungu lake likawa birika.

Lilikuwa la sponji iliyovutwa juu ya fremu ya waya, rangi ya kahawia, lenye mdomo uliochomoza kushoto na mkono uliowagonga watu upande wa kulia. Tumboni liliandikwa NORRIS kwa herufi nyeupe, kwa kuwa watazamaji wa marathoni hupenda kumwita mkimbiaji kwa jina kana kwamba walisoma naye. Ndani ya kitu hicho alikimbia kila mwaka kwa muda wa saa tano hivi, akiona kipande cha barabara kisichozidi upana wa meza, na kila mwaka alijiuliza swali lile lile bila kumshirikisha mtu: lisingekuwepo dude hili, mimi ningekuwa mkimbiaji wa namna gani?

Mwaka wa kumi daktari aliitazama picha ya goti lake akasema gegedu imekwisha. Marathoni moja zaidi, pengine. Baada ya hapo, baiskeli. Swali lilikuwa limebakiwa na nafasi moja tu ya kujibiwa. Jioni, mbele ya sahani ya pai na viazi, Norris alimwambia mkewe.

"Hii ya mwisho naikimbia na kaptura, Glenys."

"Na birika?"

"Libaki darini."

"Umeshamwambia Philippa?"

"Bado."

"Ukienda kumwambia nichukue na mimi. Sitaki kuja kusimuliwa."

Philippa Crabtree, msimamizi wa michango ya hospisi, alikuja mwenyewe nyumbani kabla hawajamfuata. Alisikiliza huku ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Norris, mpendwa, niambie unatania."

"Sijawahi kutania."

"Najua, ndiyo maana naogopa. Sikia. Nikiweka picha ya mzee aliyevaa fulana, wataniuliza huyu nani. Watu hawakuchangii wewe, baba. Wanalichangia birika."

"Basi na likimbie lenyewe."

Alilisema kwa hasira, lakini Glenys alilipokea kama agizo. Alikuwa na kaka, Clifford Duxbury, mwenye bucha na mwenye tumbo linaloshuhudia ubora wa soseji zake. Akaitwa siku hiyo hiyo.

"Mimi? Shemeji, mimi nikipanda ngazi za nyumbani kwangu napumzika katikati."

"Una miezi saba ya kujiandaa," alisema Norris.

"Na nikifia njiani?"

"Hospisi si ipo," alisema Glenys. "Tena watakufahamu."

Clifford alijiandaa kipindi chote cha baridi, polepole, chini ya mvua, huku dada yake akimfuata kwa gari na kumpigia honi kila alipotaka kukaa. Norris alijiandaa peke yake. Lengo lake lilikuwa kumaliza chini ya saa nne. Miongoni mwa wakimbiaji wasiolipwa, anayemaliza chini ya muda huo huhesabiwa kuwa mkimbiaji. Anayemaliza juu yake huhesabiwa kuwa na moyo mzuri. Norris alikuwa amesifiwa moyo wake kwa miaka tisa na alikuwa amechoka.

Siku ya mbio ilikuwa ya Aprili, yenye ubaridi wa kadiri, siku ambayo mtu hawezi kuisingizia lolote. Norris alisimama mbele, kati ya wanaume wembamba wasiosemezana. Clifford alikuwa nyuma kabisa, pamoja na wenzake wa mavazi ya kuchekesha: sanduku la posta na ndizi mbili.

Kosa alilolitenda Norris ni kosa la kila mgeni wa marathoni. Yeye hakuwa mgeni, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumwonya. Alianza kwa kasi mno. Mara tisa alikuwa amekimbia umbali huo na hakuwahi hata mara moja kuwa na uwezo wa kuuanza vibaya. Sasa miguu ilikuwa mitupu, upepo ulipita kifuani, na saa ya mkononi ikamwambia kwamba anakwenda kasi kuliko alivyopanga. Mtu mwenye busara angeisikia saa hiyo kama king'ora. Norris aliisikia kama pongezi.

Hakuna aliyemwita. Alikuwa amekataa kuandikwa jina kifuani, na watazamaji walimtazama kama watu wanavyotazama gari lisilo basi lao. Alifika nusu ya safari akiwa mbele ya mpango wake, akahitimisha, kwa muda wa maili chache, kwamba jibu la swali lake lilikuwa zuri.

Maili ya kumi na nane mwili ulimaliza ulichokuwa nacho. Wakimbiaji huita hali hiyo ukuta, ingawa ukuta angalau humsimamisha mtu mara moja. Yeye alisimamishwa kidogo kidogo: mapaja kwanza, kisha mikono, kisha hamu. Akaanza kutembea. Mwanamke mmoja kando ya barabara alimnyooshea bakuli la peremende.

"Chukua, babu, usione haya. Wengine wanalia kabisa."

Alichukua mbili. Ndizi zilimpita. Sanduku la posta lilimpita, likimwomba radhi. Ndipo akasikia jina lake.

"Norris! Twende, Norris! Usilegee, mwanaume!"

Aliinua mkono kuwashukuru, na akiwa ameuinua akaona kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama. Wote walikuwa wamegeukia nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka.

"Shemeji?" sauti ilisema kutoka chini ya kifuniko. "Wewe huyo?"

"Mimi."

"Mbona unatembea? Goti?"

Goti lilikuwa zima. Halikuwa limeuma hata kidogo tangu asubuhi. Norris aliona mlango wa kisingizio ulivyofunguka: daktari angekithibitisha, mji mzima ungekiamini, na swali lake lingebaki bila jibu, yaani likiwa bado na jibu zuri.

"Goti halina neno," alisema. "Nilianza kwa kasi mno."

"Ah! Hili lidude halikubali mambo hayo. Pale mwanzo nilijidai kuchanganya miguu, likanitandika kisogoni na mkono wake. Nikasema, Clifford, tulia." Alikuwa akihema kwa mpangilio, kama mtu anayevuta kamba. "Nikungoje?"

"Nenda. Wanakuita."

"Wanakuita wewe, kusema kweli."

"Nenda, Clifford."

Norris hakuwahi kuliona birika kwa nyuma likikimbia. Liliyumba kama bata mnene na lilikuwa la kipuuzi kupita alivyodhani, lakini halikuongeza mwendo wala kupunguza. Liliwapita watu watatu wenye fulana nzuri na saa za bei, waliokuwa wakitembea wameshika viuno. Kila mwaka, katika maili hizo za mwisho, Norris mwenyewe alikuwa amewapita watu kama hao kwa mamia, na akawahurumia, bila kujiuliza ni nani.

Alimaliza. Muda wake ulikuwa mbaya kuliko mwaka wake mbaya kabisa ndani ya sponji. Mwanamke aliyegawa medali, mchangamfu, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Na wewe, kaka, ulikuwa umevaa kama nani?"

Norris, aliyependa majibu sahihi, alifikiri.

"Kama mkimbiaji."

"Haya," alisema yule mwanamke kwa upole, na akamvika medali.

Upande wa pili wa uzio Clifford alikuwa akipigwa picha, kifuniko mkononi, uso kama nyama ya dukani kwake. Philippa alimwacha akaja na simu yake.

"Norris, nawaandikia wachangiaji sasa hivi. Niseme goti? Goti watalielewa."

"Goti halina kosa. Andika muda wangu."

"Hivi hivi, bila sababu yoyote?"

"Hivi hivi."

Philippa aliandika, akakunja uso, akarudi kwenye birika. Glenys alikuwa amesimama kando kwa muda wote huo na blanketi la karatasi ya kung'aa. Akamfunika nalo Norris mabegani.

"Kitu ulichokuwa unakitafuta," alisema, "umekipata?"

"Nimekipata," alisema Norris, na akaomba avuliwe viatu.