Posa ya Sauti

Jana usiku niliota simu yangu imegoma. Mama yuko hospitali Mumbai, asubuhi anapasuliwa moyo, nami nilitaka asikie sauti yangu kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji. Hilo tu nililitaka duniani.

Kisanduku cha intaneti pale ukutani kikakohoa. Akatoka mzee wa kanzu na koti, akavua viatu.

“Shikamoo,” nikamwamkia. Adabu ni adabu.

“Marahaba, Bi Mwanahamisi. Mimi mshenga. Sauti haiendi kwa watu bila posa.”

“Haya, kapose, tena upesi!” Mimi si wa kubabaishwa na mtu aliyetoka ukutani.

Mara sebule yangu ni korido ya hospitali. Mshenga anabisha mlango.

“Hodi! Bi Mwanahamisi wa Tanga anaomba kuzungumza na mama yake. Ana sauti nene na sauti nyembamba. Mnapokea ipi?”

“Nyembamba,” mlango unajibu. “Njia yetu finyu. Subirini, tunamwita.”

Tunasubiri. Nategesha sikio mlangoni.

“Amekubali!” unasema mlango.

Napiga vigelegele. Posa ikikubaliwa kwetu, mtu anafanya nini kingine?

“Amekubali!” mlango unarudia. Nazidisha.

“Jamani, amekubali! Mmesikia, au tufunge?”

Mshenga ananishika mkono. “Vigelegele si jibu, Bi Mwanahamisi. Sema umesikia, la sivyo posa inavunjika!”

“Nimesikia!” napiga kelele. “Nimesikia, msifunge!”

Mshenga anavaa viatu. “Kazi yangu imekwisha. Ya ndani ni yenu wenyewe.”

“Na sauti itapita wapi?”

“Ina njia yake. Inakwenda vipande vipande, kila kimoja na namba yake. Vingine vitapotea, na hakuna wa kuvirudia.”

“Basi natuma yote.”

Nainama kwenye uwazi wa chini ya mlango, nasema: mama, usiogope, nipo, nakupenda, nipo. Vipande vinanitoka kinywani kama punje za mahindi, vinapenya kwenye uwazi, vinakwenda. Nasema mpaka sina tena.

Naamka, kumekucha. Namwita mume wangu, Mbwana. Midomo inacheza, sauti haitoki hata chembe.

Simu inalia. Ni mama.

“Mwanangu, ndio wananiingiza sasa.”

Nafungua kinywa. Wapi!

“Usihangaike kujibu,” anasema. “Sauti yako ninayo huku. Naingia nayo.”