Bustani ya Kukaliwa

Majirani walimwita Mama Majani, naye hakuwa na neno. Kazi yake ilikuwa kubuni bustani, na kwa miaka mingi alikuwa akizibuni za wengine: za hoteli, za benki, za majumba ambayo hata kikombe cha chai hakuwahi kukaribishwa ndani yake. Jioni alirudi kwenye nyumba za ghorofa alikoishi na mumewe na mama mkwe wake. Hapo katikati ya majengo palikuwa na uwanja mtupu, vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Kampuni iliyomiliki majengo yale ilipomwita imkabidhi kazi ya kubuni bustani katika uwanja huo huo, usingizi ulimpaa kwa furaha.

Hakuanza na karatasi. Alianza kwa kukaa dirishani.

"Kwa hiyo unalipwa kuchungulia watu?" mama mkwe wake alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi wangeniajiri mimi. Nina uzoefu."

Aliangalia watu walikopita. Ardhi yenyewe ilikuwa imeshachora: njia nyembamba, imepinda, kutoka mlango wa jengo la nyuma hadi getini, imesuguliwa na miguu mpaka ikang'aa. Aliangalia kivuli kinaangukia wapi mchana. Alimwona fundi cherehani wa ghorofa ya chini akitoa cherehani yake mlangoni kutafuta mwanga. Alimwona nesi mstaafu wa ghorofa ya tatu akirudi na kikapu chake, akikosa pa kupumzikia kabla ya kupanda, akajibwaga kwenye ngazi huku wapita njia wakimruka kama gogo. Ndipo alipochora: njia ifuate miguu, mabenchi yakae kivulini, kona ya mwanga iachiwe kazi za mikono, matuta ya mboga yainuliwe ili mwenye mgongo mbovu asiiname, na bomba la maji liwe karibu.

Meneja wa majengo alikuwa na ofisi ndogo karibu na geti, yenye feni iliyolia zaidi ya kupuliza. Aliikunjua ramani mezani, akachukua kalamu nyekundu na kuyapiga mabenchi mistari, moja baada ya jingine.

"Dada yangu, ukiweka viti, watu watakaa."

"Ndiyo kazi ya kiti, Meneja."

"Wakikaa wataongea. Wakiongea watalalamika." Akaendelea kukata. Mboga zilikwenda, bomba likaenda. "Wamiliki wanataka picha ya kuwavutia wapangaji wapya. Nyasi, minazi ya mapambo, njia moja iliyonyooka, na mnyororo kuzunguka. Na kibao: usikanyage nyasi."

"Na chini ya madirisha?"

"Mimea ya miiba. Watoto wasisogelee."

Mama Majani aliitazama ramani yake iliyojaa wekundu. Akasema atafikiria, akaikunja ramani na kutoka.

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema nitafikiria."

"Kufikiria nini, mwanangu? Umeolewa hapa ukiwa hujui hata kunyamaza. Leo ndiyo umejifunza?"

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Alijua wateja wengi wamemfinyanga, naye akakubali, akijiambia kuwa bustani ni za kwao. Hii haikuwa ya kwao. Hapo hapo akakata kauli.

Jumamosi asubuhi alishuka uwanjani na kamba, vigingi na mfuko wa chokaa. Akaichora bustani yote chini, kwa ukubwa wake halisi: njia, mabenchi, matuta, kitalu cha maua, kila kitu kwa mistari myeupe. Watu wakaanza kutoka, kwanza kwa udadisi, halafu kwa ubishi. Alipowaeleza kwamba ndani ya mstari huu kuna benchi, na ndani ya ule kuna mboga, wakaingia wakasimama ndani ya hewa tupu wakipima kwa mikono.

"Hapa kamba zetu za nguo ziko wapi?" fundi cherehani aliuliza.

Mama Majani akaizungushia macho mistari yake yote. Alikuwa amezisahau kabisa.

"Na hiki kitalu cha maua," nesi mstaafu alisema, "kipo pale watoto wanapochezea mpira. Hakitamaliza wiki."

Kitalu kile alikipenda kuliko vyote. Alikuwa amekichora mara nyingi mpaka kikakaa anavyotaka. Alijaribu kukitetea, watu wakamsikiliza kwa adabu na kutikisa vichwa. Mwishowe alikifuta kwa kiatu chake mwenyewe, roho ikimuuma, na mahali pake akaacha uwanja wa mpira. Kamba za nguo zikapata nafasi upande wa jua. Kufikia mchana ramani ile haikuwa yake tena peke yake, na ilikuwa bora kuliko ile aliyoipeleka mezani kwa Meneja.

Meneja alifika amekunja uso, mlinzi wa geti nyuma yake.

"Nani kawaruhusu kuchafua mali ya kampuni?"

"Mimi," Mama Majani alisema. "Ni chokaa tu. Ila bustani ndiyo hii. Ile ya miiba sitaichora."

"Basi kazi huna."

"Sawa. Lakini uwanjani pia sitoki. Ninaishi hapa."

Meneja akamgeukia mlinzi. "Lete mpira wa maji. Osha yote."

Mlinzi akauvuta mpira wa maji kutoka bomba la ofisi, ambalo wapangaji hawakuruhusiwa kuligusa, kwa mwendo wa mtu anayebeba mzigo wa jirani. Wakati huo huo mama mkwe alikuwa ameshateremka na kiti chake cha plastiki. Akakiweka katikati ya mstari wa benchi, akakaa, akatengeneza khanga mapajani.

"Nimwagie, baba," alimwambia mlinzi kwa upole. "Jua lenyewe kali."

Nesi mstaafu akaleta kiti chake. Fundi cherehani akaleta cha kwake, na cherehani juu yake. Mlinzi aliwatazama, akautazama mpira uliokuwa ukimchuruzikia viatuni.

"Bomba halina maji, bosi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Meneja akamnyang'anya mpira, akaanza kuosha mwenyewe. Aliosha njia, akaosha matuta, suruali yake ikarukiwa na tope hadi magotini, lakini kila alipofika penye kiti chenye mtu alilazimika kuzunguka. Alipoondoka, uwanja ulibaki na tope, na visiwa vyeupe chini ya watu waliokaa.

Wiki iliyofuata lori lilikuja na nyasi. Dereva alikuta uwanja umejaa viti, na juu ya viti watu wanaomenya vitunguu, wanaoshona, wanaosuka nywele. Aliuliza amwage wapi. Mama mkwe akamwambia amwage popote atakapoona pako wazi. Dereva akazunguka uwanja mzima, akajikuna kichwa, akarudi na mzigo wake.

Wamiliki wakaitisha kikao. Majirani walimsukuma Mama Majani mbele, naye akasema akiwa amesimama, macho makavu, kwamba wanaoishi pale hawaombi upendeleo. Wanaomba bustani yenye nafasi yao ndani yake, na wasipoipata wataendelea kuutumia uwanja jinsi ulivyo. Wamiliki walinong'onezana kwa muda mrefu. Wakakubali shingo upande: mabenchi, njia iliyopinda, matuta, kamba za nguo, uwanja wa mpira. Bomba wakalikataa. Na ujenzi wakampa mbunifu mwingine, ambaye aliweka jina lake kwenye ramani bila haya.

Lilimuuma, hakujifanya halimuumi. Lakini siku mafundi walipoanza kuchimba alikuwa pale tangu asubuhi, akiwaonyesha kila kona, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Miche ilipopandwa, wakazi wakaimwagilia kwa ndoo walizoteremsha kwenye ngazi, na kila Jumatatu alipita ofisini kwa Meneja kuulizia bomba.

"Si walishakataa?" Meneja alimwambia siku moja, amechoka.

"Walikataa mwezi uliopita. Nauliza ya leo."

Alipotoka alimkuta getini mwanamke mmoja asiyemfahamu, anakaa kwenye majengo ya ng'ambo ya barabara. Kwao pia kulikuwa na uwanja, alisema, umezungushiwa waya, na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Mama Majani alimuuliza kama wapangaji wanazungumza wao kwa wao.

"Hatusalimiani hata."

"Basi anza na hilo. Waambie washuke Jumamosi," alisema. "Chokaa nitaleta mimi."