Usiandike, Mwalimu

Nilisoma hadi darasa la nne tu, na mjukuu wangu husema nasoma kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Ni kweli. Lakini ukurasa mtupu hata mimi naweza kuusoma.

Mjukuu huyo tunamwita Kidoti, kwa alama aliyo nayo shavuni. Nimemlea tangu mama yake, binti yangu wa pekee, alipofariki. Alikuwa darasa la tano wakati wasichana watatu wa darasa la saba walipoanza kumvizia kwenye vyoo vya shule. Kwanza walimrarulia sare. Mara ya pili alirudi mdomo umevimba, akaniambia ameanguka. Nikamuuliza, hiyo ardhi uliyoangukia ina kucha? Maana shingo yote ilikuwa michubuko.

Nikaenda shule. Mwalimu mkuu, mtu mpole wa maneno, akatoa daftari la matukio, lile jeusi nene, akafungua kalamu. Lakini alikuwa amemwita pia mama wa yule binti mkubwa wao, fundi cherehani wa mtaani kwetu. Nguo niliyovaa siku ya kumzika mwanangu aliishona yeye, usiku kucha, bila kuulizwa. Akapiga magoti pale sakafuni. Akasema mwanawe akiandikwa humo, hakuna sekondari itakayompokea.

"Mama, nisitiri," akasema.

Mtu mzima kukupigia magoti si jambo dogo. Na mtoto wa mwenzio ni wako. Nikamgeukia mwalimu, nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Usiandike, mwalimu. Tumeyamaliza wenyewe."

Mwalimu akafunika kalamu upesi, kama inayomuunguza. Akanisifu kwamba laiti wazazi wote wangekuwa na busara yangu. Nikatoka kichwa juu. Walipompiga mara ya tatu tukayamaliza vivyo hivyo. Binti akaletwa, akaomba radhi huku anaangalia viatu vyake, watu wakapeana mikono. Kidoti peke yake hakutoa mkono, mpaka nikaushika nikaunyoosha mimi.

Baada ya hapo akaacha kunywa chai asubuhi. Nikadhani ni tumbo, nikamchemshia dawa. Kumbe mtoto alikuwa anakaa na kiu kutwa nzima ili asiende chooni.

Siku niliyojua hilo sikumaliza hata kufua. Nilijifuta povu nikaenda ofisi ya elimu, kwa karani wa uhamisho, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akanisikiliza bila kunikatiza. Akanieleza kwamba mtoto anayeumizwa shuleni huhamishwa hata katikati ya mwaka, mradi matukio mawili yawe yameandikwa. Akavuta jalada la shule yetu, akaligeuza upande wangu ili nione mwenyewe.

"Bibi, shule hii haina tukio hata moja. Kwenye karatasi ni salama kuliko nyumbani kwangu."

Hakuwa ananidhihaki. Alichukua malalamiko yangu, akayaandika nikiyasema, nikatia sahihi. Akaahidi wakaguzi watakuja, ila mwezi ungepita. Nikarudi kwa mwalimu mkuu kumwomba aandike yale ya nyuma. Akasema yalikwisha, tena niliyamaliza mimi. "Sasa niandike nini, bibi? Msamaha?"

Niliporudi nyumbani nilitaka kumzuia Kidoti asiende tena. Akasema ana mtihani, na wakaguzi wanakuja, bibi, vumilia. Yeye ndiye aliyeniambia mimi nivumilie.

Wiki ya tatu walimgongesha kichwa kwenye ukuta wa choo. Daktari alisema sikio la kushoto halitasikia tena.

Safari hiyo waliandika, na yale ya zamani pia, ukurasa mzima, mbele na nyuma. Barua ya uhamisho ikatoka kwa siku nne. Mwalimu mkuu aliniletea mwenyewe nyumbani, nami nikamkaribisha kiti, kwa mazoea. Fundi cherehani siku hizi akiniona napita huinamia mashine yake.

Shule mpya iko mbali, tunatembea. Asubuhi ya kwanza Kidoti alikunywa chai vikombe viwili, nikamtazama mpaka akacheka. Njiani akaniuliza kwa upole tu, kama anayeuliza saa:

"Bibi, kwa nini uliwaambia wasiandike?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, magari yakitupita. Nilisema yote, kuhusu magoti ya yule mama, nguo ya msiba, na ujinga wangu wa kupenda kusifiwa. Nilipomaliza bado alikuwa anangoja. Nilikuwa nimetembea kushotoni kwake muda wote.

Akanizunguka, akaja upande wa pili, akanishika mkono ili niseme tena. Tulifika getini sijasema.